Kuchagua Bima ya Afya ya Familia Jijini Nairobi: Soma Vikomo Vidogo Kabla ya Milioni

Anayetafuta bima ya afya kwa ajili ya familia yake jijini Nairobi huonyeshwa kwanza tarakimu moja kubwa. Huambiwa kwamba atakuwa na milioni moja, milioni mbili au hata milioni kumi za kulazwa, na tarakimu hiyo huandikwa kwa wino mzito juu ya kijitabu cha matangazo. Si kwamba tarakimu hiyo ni ya uongo. Ni kwamba haijibu maswali matatu ambayo ndiyo yatakayoamua kama bima itamfaa au la: ni hospitali gani zitampokea, ni maradhi gani yamewekewa kikomo chake cha ndani kilicho kidogo kuliko tarakimu hiyo, na kama kampuni itaendelea kumkubali akishaugua au akishazeeka. Mtu akipata majibu ya maswali hayo kwa maandishi, kulinganisha bei huwa kazi ya jioni moja tu.

SHA iwe hai kwanza

Bima ya kibinafsi haichukui nafasi ya bima ya taifa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, imechukua kazi iliyokuwa ikifanywa na NHIF tangu mwaka 1966, na sheria inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, bila ukomo wa juu, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipwa shilingi 80,000, kwa mfano, hukatwa shilingi 2,200 kila mwezi. Asiye na mwajiri, awe mama mboga, mhudumu wa bodaboda au fundi wa jua kali, hujibu maswali kuhusu hali ya maisha ya kaya yake, kama vile nyumba anamoishi na nishati anayopikia, kisha hutajiwa kiasi anachopaswa kulipa kwa mwaka mzima. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#, kwenye tovuti ya Afya Yangu, au katika kituo cha Huduma.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa katika hatua hii. Kujisajili, kulipa na kuwaongeza wategemezi ni mambo matatu tofauti. Baba anaweza kukatwa mchango kila mwezi kwa mwaka mzima na bado mkewe akaambiwa dirishani kwamba jina lake halionekani, kwa sababu hakuna aliyemwongeza kwenye akaunti. Kabla ya kuzungumza na wakala yeyote wa bima ya kibinafsi, ingia katika akaunti yako ya SHA uhakikishe kwamba mwenzi wako na kila mtoto wamo, na kwamba majina yao yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa.

SHA inafaa kueleweka kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha pengo unalotaka kuliziba. Aliyesajiliwa hutibiwa maradhi ya kawaida bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, kwa gharama ya mfuko wa huduma za msingi, hata kama hajalipa mchango. Kulazwa, upasuaji na uzazi hulipiwa na mfuko wa bima yenyewe, na hapo ni lazima michango iwe imelipwa. Chini ya viwango vilivyotolewa mwaka 2025, kujifungua kwa njia ya kawaida kulilipiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000, na siku moja ya kulazwa katika hospitali ya ngazi ya nne ikalipiwa shilingi 3,360. Katika hospitali ya umma fedha hizo hufika mbali. Katika hospitali kubwa za kibinafsi za Parklands au Upper Hill hizo ni sehemu ndogo tu ya ankara, na kinachobaki ni juu ya mgonjwa. Pengo hilo ndilo bima ya kibinafsi inalopaswa kuziba, na ukubwa wake unategemea mahali ambapo familia yako hutibiwa.

Kampuni nyingi, isitoshe, huhesabu kwamba SHA italipa sehemu yake kwanza ukilazwa. Ikiwa michango yako imesimama, utadaiwa sehemu hiyo kutoka mfukoni ingawa bima yako ya kibinafsi ni hai. Uliza kampuni ina msimamo gani, na jibu liwe la maandishi.

Hesabu ya familia yako, si ya familia ya kijitabuni

Fungua taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili iliyopita, ambayo waweza kuiomba kupitia programu ya simu, ukaorodheshe kila malipo yaliyokwenda hospitalini, maabara na kwa mkemia. Ongeza yaliyolipwa na mwenzi wako. Watu wengi hushangazwa na jumla hiyo, wengine kwa ukubwa wake na wengine kwa udogo wake, na mshangao huo ndio unaoamua kama bima ya matibabu ya kutolazwa inafaa kununuliwa au la.

Bima ya kibinafsi hujengwa juu ya sehemu ya kulazwa. Matibabu ya kutolazwa, uzazi, meno, macho na gharama za mazishi huwekwa juu yake kama nyongeza, na kila nyongeza ina bei yake. Nyongeza ya kutolazwa mara nyingi huwa ghali sana kwa sababu kampuni inajua kwamba utaitumia: mtoto wa chekechea atakohoa, atahara, ataumwa sikio, na kila safari itadaiwa. Ikiwa hesabu yako ya M-Pesa inaonyesha kwamba ulitumia shilingi 25,000 kwa mwaka na nyongeza hiyo inauzwa shilingi 45,000 kwa familia nzima, basi unalipia utulivu wa moyo. Hilo si kosa, ili mradi unajua kwamba ndilo unalolifanya. Maoni yangu ni kwamba familia yenye bajeti finyu inunue sehemu ya kulazwa iliyo nzuri na iache ya kutolazwa, kisha iweke akiba ndogo ya mafua na homa na kutumia kituo cha afya cha umma kilicho jirani, badala ya kununua vyote viwili kwa viwango hafifu. Hakuna aliyewahi kuuza shamba la babake kwa ajili ya dawa ya kikohozi. Mashamba huuzwa kwa ajili ya chumba cha wagonjwa mahututi, saratani na figo.

Katika hesabu hiyo, andika pia ni nani hasa unayemwita familia. Bima za kampuni kwa kawaida humaanisha mume, mke mmoja na watoto, na watoto hao hukoma kuhesabiwa wakifika miaka 18, au baadaye kidogo, mara nyingi hadi miaka 25, wakithibitisha kwamba bado wanasoma. Wazazi walioko mashambani hawamo. Anayetaka kuwakinga wazazi atawanunulia bima yao, na kwa kuwa kampuni nyingi hufunga mlango wa kujiunga mtu akikaribia au akipita miaka 60, jambo hilo halifai kuahirishwa hadi mama aanze kulalamikia magoti.

Orodha ya hospitali

Omba orodha ya hospitali kabla ya kuomba bei. Kila bima ina orodha ya hospitali, zahanati, madaktari wa meno na maduka ya miwani ambako kadi inapokelewa, na bima mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na orodha mbili zisizofanana hata kidogo. Bima ya bei nafuu mara nyingi huziacha nje hospitali kama Aga Khan ya Parklands, Nairobi Hospital au ile ya watoto ya Gertrude's kule Muthaiga, au huziweka ndani kwa sharti la kwamba utalipa kiasi fulani mwenyewe kila unapofika. Malipo hayo ya dirishani huonekana madogo yakiandikwa, lakini mzazi wa watoto watatu anayelipa shilingi 1,000 au 2,000 kila safari ataona kwamba amelipa bima ya pili bila kujua.

Usiangalie majina makubwa peke yake. Anayeishi Utawala au Ruai na kufanya kazi Industrial Area anahitaji kujua ni kituo gani kinachopokea kadi hiyo saa nne usiku upande wake wa jiji, kwa sababu mtoto akipandwa na homa usiku hatampeleka Muthaiga huku Outering Road ikiwa imejaa magari. Chukua orodha uweke alama kwenye vituo vinne: kilicho karibu na nyumbani, kilicho karibu na kazini au shuleni, hospitali moja kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na kimoja katika mji wa kwenu ambako familia huenda Desemba. Kisha vipigie simu uulize kitengo cha bima kama kadi ya bima hiyo, kwa jina lake kamili, inapokelewa leo. Neno leo lina maana yake. Hospitali na walipaji huzozana kuhusu madeni mara kwa mara, na mambo yakichacha hospitali husimamisha kadi. Hata SHA haikuponea, kwani Februari 2025 hospitali za kibinafsi za chama cha RUPHA zilitangaza kusimamisha huduma zake kwa sababu ya madeni. Orodha iliyochapwa Januari huenda isiwe kweli mwezi wa Juni, na karani wa hospitali hana sababu ya kukuficha.

Kusoma jedwali la manufaa

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kila bima ina ukurasa mmoja au miwili inayoitwa jedwali la manufaa, na ukurasa huo una thamani kuliko kijitabu kizima. Tuchukue mfano ambao nimeubuni na ambao si wa kampuni yoyote: juu imeandikwa kulazwa, shilingi 2,000,000 kwa familia. Mstari unaofuata unasema maradhi sugu na yaliyokuwapo kabla ya kujiunga, shilingi 300,000, ndani ya kikomo cha kulazwa. Unaofuata, maradhi ya kuzaliwa nayo, 150,000. Maradhi ya akili, 150,000. Uzazi, 100,000, baada ya miezi kumi na miwili. Chumba, kitanda cha wodi ya kawaida hadi shilingi 10,000 kwa siku.

Sasa isome kama mtu aliyeugua. Baba mwenye kisukari akipata kidonda cha mguu kilichooza na kuhitaji upasuaji na wiki tatu za kulazwa, kampuni haitazifungua zile milioni mbili. Itasema kwamba kidonda kimetokana na kisukari, kwamba kisukari ni ugonjwa sugu, na kwamba kikomo ni 300,000. Itakuwa imesema kweli kwa mujibu wa mkataba. Saratani huwekwa katika kapu hilohilo na baadhi ya kampuni, ilhali nyingine huipa kikomo chake kikubwa zaidi. Ulizia saratani kwa jina, ulizia usafishaji wa figo kwa jina, na uulize kama kikomo hicho ni kile kile kwa ugonjwa uliogunduliwa baada ya kujiunga. Tofauti kati ya bima mbili zinazouzwa kwa bei zinazokaribiana hukaa hapo, na wala haionekani kwenye tarakimu ya juu.

Maneno kwa familia na kwa kila mtu nayo yasomwe polepole. Milioni mbili kwa familia ya watu watano ni fedha za watu watano. Mmoja akizimaliza mwezi Machi, wengine wanne watasubiri hadi bima ihuishwe. Milioni moja kwa kila mtu inaweza kuwa kinga bora kuliko milioni mbili za kugawana, ingawa watoto wachanga na vijana wenye afya hawana haja sawa na ya wazazi, na ndiyo maana bima ya kugawana huuzwa kwa bei ya chini. Kwa familia changa isiyo na maradhi sugu, kugawana si kubaya. Kwa familia iliyo na mgonjwa mmoja wa kudumu, ningekwepa.

Kuhusu vipindi vya kungojea, ajali kwa kawaida hulipiwa tangu siku ya kwanza, maradhi ya kawaida baada ya takriban siku 30, upasuaji usio wa dharura baada ya miezi miwili au mitatu, na uzazi baada ya miezi kumi hadi kumi na miwili. Maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga mara nyingi hungojewa mwaka mzima. Kwa hiyo bima ya uzazi hununuliwa kabla ya mimba, na mama aliyekwisha kushika mimba hana budi kupanga fedha zake kwa njia nyingine, yaani SHA pamoja na akiba, hata kama wakala anamhakikishia kwamba mambo yatasawazishwa. Wapo pia wanaosahau kuuliza habari za mtoto mwenyewe: baadhi ya bima humkinga mtoto tangu anapozaliwa, nyingine humtaka afikishe majuma kadhaa kwanza, na mtoto anayezaliwa kabla ya wakati na kuwekwa katika chumba cha watoto njiti huweza kuleta ankara kubwa kuliko ya mama yake.

Sehemu ya mambo yasiyolipiwa huwa mwishoni, kwa herufi ndogo. Isome yote. Matibabu ya kuongeza uzazi, urembo, majeraha ya michezo ya hatari na matibabu ya nje ya nchi yasiyo na idhini huwa huko karibu kila mara, na hayo hayashangazi. Linaloshangaza ni kukuta huko kitu ambacho familia yako inakihitaji kila mwezi.

Fomu ya maombi ijazwe na wewe mwenyewe

Ukishaamua, utapewa fomu inayouliza kama kuna yeyote katika familia mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo au aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Baadhi ya mawakala, kwa kutaka fomu ipite haraka, humshauri mteja ajibu hapana kila mahali. Huo ni ushauri mbaya kupita wote utakaopewa katika safari hii. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeinunua, na siku ya dai kubwa kampuni itaomba faili la mgonjwa hospitalini, ambalo daktari ameandika ndani yake kwamba mgonjwa ametumia dawa za presha tangu 2019. Hapo dai hukataliwa, pengine na bima yote hufutwa, na ile miaka ya malipo haihesabiwi tena.

Kusema ukweli kuna gharama yake: kampuni inaweza kupandisha bei, kuutenga ugonjwa huo kwa muda, au kukataa kabisa. Bado ni afadhali kukataliwa Februari ukiwa mzima kuliko Novemba ukiwa wodini. Piga picha kila ukurasa wa fomu uliyoijaza kabla ya kuikabidhi.

Kampuni na anayekuuzia

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayojulikana kama IRA na yenye ofisi zake Upper Hill, huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya kampuni, mawakala na madalali wa bima wenye leseni ya mwaka husika. Tafuta jina la kampuni na la anayekuuzia. Wakala hufanya kazi kwa niaba ya kampuni, naye atakueleza bima ya kampuni hiyo. Dalali wa bima hufanya kazi kwa niaba yako na anaweza kukuletea bei za kampuni nne au tano kwa pamoja. Wote wawili hulipwa kamisheni itokayo katika malipo yako, hivyo dalali hakugharimu zaidi kwa kawaida, na kwa familia isiyo na muda wa kuzunguka jijini naona afadhali dalali.

Uimara wa kampuni si jambo la kupuuza. Mwaka 2022 kampuni ya Resolution, iliyokuwa na wateja wengi wa bima ya afya, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja wake wakalazimika kutafuta kinga mahali pengine. Taarifa za fedha za kampuni za bima huchapishwa kila mwaka, lakini kwa msomaji wa kawaida kipimo cha haraka zaidi ni kile kitengo cha bima cha hospitali ulichokipigia simu: muulize karani ni kampuni gani zinazotoa idhini ya kulazwa upesi na zipi humwacha mgonjwa akisubiri kwenye kiti tangu asubuhi hadi alasiri. Karani huyo anajua kuliko tangazo lolote.

Malipo yafanyike kwenye nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, kamwe yasipitie simu ya wakala. Sheria ya bima nchini hairuhusu kampuni kubeba dhamana kabla ya kupokea fedha, kwa hiyo ahadi ya wakala kwamba bima imeshaanza na utalipa mwisho wa mwezi haina uzito. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo anaweza kutumia mkopo wa bima wa benki, ambao hugawanya malipo kwa miezi kadhaa pamoja na riba; ukikosa kulipa awamu moja benki yaweza kuomba bima ifutwe, na hilo ulijue kabla ya kutia sahihi.

Bei yenyewe ina viongezo vidogo: ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mchango wa hazina ya kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Bima ya shilingi 90,000 basi itakugharimu shilingi 90,445, na ukitajiwa jumla inayopita hapo kwa mbali, omba mchanganuo. Kwa upande wa pili, mwenye kulipa kodi ya mapato hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya afya, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, ambayo kwa mfano huo ni shilingi 13,500. Omba cheti cha bima kwa ajili ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, na umpe mwajiri wako, au ukitumie mwenyewe unapojaza ritani. Wengi hawakiombi kamwe.

Kama umeajiriwa na mwajiri anakukinga, usikimbilie kununua bima nyingine kamili. Chunguza kwanza kikomo kilichopo, kisha fikiria bima ndogo ya kulazwa itakayobaki mkononi mwako siku kazi itakapokwisha, maana bima ya mwajiri huondoka pamoja na barua ya kuachishwa. Vyama vya akiba na mikopo na hata makundi madogo ya biashara yanaweza kununua bima ya kikundi, ambayo mara nyingi hulegeza vipindi vya kungojea na hupokea maradhi sugu kwa masharti nafuu. Familia zenye mgonjwa wa kudumu zingeanza kutafuta huko kabla ya kwenda kwa bima ya mtu mmoja mmoja.

Baada ya kulipa

Dai nakala ya mkataba wote, si kadi na kijitabu tu. Kadi zikifika, hakikisha kila jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha mpeleke mtu mmoja wa familia akapime jambo dogo katika kituo mtakachokitumia mara kwa mara: kadi ikiingizwa kwenye mashine na kidole kikawekwa kwenye kisomeo, skrini itaonyesha ni huduma gani zilizofunguliwa na salio lake. Kosa likigunduliwa siku hiyo hurekebishwa kwa barua pepe moja. Likigunduliwa usiku wa dharura, hospitali itadai amana, ingawa Katiba, katika kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura na unayo haki ya kulitaja hilo kwa sauti.

Kulazwa kusiko kwa dharura huhitaji idhini ya kampuni kabla ya siku yenyewe. Omba idhini hiyo mapema, hifadhi nambari yake, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi zikitaja kifungu cha mkataba. Dai lililokataliwa bila kifungu hupelekwa kwanza kwa meneja wa malalamiko wa kampuni, kisha kwa IRA.

Miezi miwili kabla ya bima kwisha, iandikie kampuni uulize bei ya mwaka ujao na sababu ya mabadiliko yoyote. Bei hupanda mwanachama anapoingia kundi jipya la umri, na hupanda pia kwa wengine baada ya mwaka wa madai mengi. Ukiamua kuhamia kampuni nyingine, usiache hata siku moja ya pengo kati ya bima hizo mbili. Pata kwa kampuni ya zamani barua inayoonyesha tangu lini umekuwa mwanachama na historia ya madai yako, uipeleke kwa kampuni mpya, na uitake ikuondolee vipindi vya kungojea kwa maradhi yaliyokuwa yakilipiwa. Nyingine hukubali na nyingine hukataa; inayokubali iweke maneno hayo ndani ya mkataba kabla hujaiacha ile ya zamani, kwa sababu mtu wa miaka 58 mwenye presha akishatoka mlango mmoja, mwingine huenda usifunguke.